Chupa Sita Zilizovaa Khanga

Mkwe wangu alikuwa Mpemba, na kwa miaka minne tuliyokaa pamoja Ngamiani, mjini Tanga, alinikataza jambo moja tu. Kunisema alinisema, kunisuta alinisuta, lakini kukataza alikataza moja: nisiguse chupa ya pombe. Mume wangu, mtu wa reli ambaye wiki tatu katika nne alikuwa Korogwe, ndiye aliyenitafutia kazi hotelini, na mama yake alipata habari siku nilipokwisha kushonewa sare. Jioni akasema, "Shuka fua, vitanda tandika, mke wa mwanangu. Siku utakayogusa chupa, kazi hiyo basi." Aliponiita mwanangu mambo yalikuwa shwari. Aliponiita mke wa mwanangu nilijua nipo mbele ya kadhi.

Nami kazi ile niliipenda. Nyumbani nilikuwa mke wa fulani na mkwe wa fulani. Hotelini nilikuwa msimamizi wa dobi na vyumba, mwenye funguo kumi na moja kiunoni. Kuipoteza kungeniuma kama kung'olewa jino zima.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya shirika la umma. Zamani walilala humo mabalozi. Wakati wangu walilala popo, darini, bila kujiandikisha. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, na rafu za maduka ya Wahindi, zilizokaa tupu hadi zikaota utando wa buibui, zilianza kujaa tena dawa ya meno na betri. Meneja wetu, aliyekuwa "ndugu meneja" mpaka ruksa ilipoingia akaanza kupenda kuitwa bosi, aliamini kuwa neema inarudi, na kwamba itafikia kwetu.

Neema ikaja kwa sura ya Mfaransa. Alikuwa kiongozi wa mafundi watatu waliokuja kufufua mitambo ya kiwanda kimoja cha mjini, mtu mnene, mwekundu, mcheshi, aliyejifunza Kiswahili kwa makanika na akawa anamwamkia kila kiumbe shikamoo, hata paka wa jikoni. Kwao walimletea katoni yenye chupa sita za mvinyo mweupe. Badala ya kuunywa kama watu wanavyokunywa, akataka yafanyike mashindano: chupa zifichwe karatasi zake, wageni waonje bila kujua ipi ni ipi, kila mtu atoe maksi, kisha chupa zifunuliwe. Waalikwe na wakubwa wa mji. Meneja alikubali kabla hajaombwa.

"Dada," akaniambia, "tafuta vitambaa vya kuzivika chupa."

Nikamletea vitambaa vya mezani. Vilikuwa vimefuliwa miaka mingi mno. Ukivika chupa unasoma karatasi yake yote, hadi anwani. Magazeti nayo yangelowa kwa barafu. Meneja akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, macho yakaishia kwenye khanga niliyojitanda.

"Khanga!"

"Bosi, mimi chupa za pombe siwezi kugusa."

"Nani kasema uguse chupa? Utagusa khanga. Chupa itakuwa ndani." Kisha, akizitazama funguo zangu, akaongeza kuwa asiyeiweza kazi apishe wenzake.

Nikaipima fatwa ile, na nakiri kwa aibu kwamba niliikubali.

Sasa khanga sita zitoke wapi? Miaka ile khanga uliipata kwa kupanga foleni, au iliingia kutoka Mombasa chini ya magunia ya vitunguu. Mimi nilikuwa nazo tatu za kutoka nazo. Mbili niliazima kwa mwenzangu wa dobi. Ya sita ilikuwa kambani nyumbani, imekauka, inapepea: khanga ya mkwe wangu, anayoswalia. Mwenyewe alikuwa amekwenda hitma Usagara na asingerudi mpaka karibu na magharibi. Mashindano yalikuwa saa tisa. Nikajiambia itakuwa imerudi kambani kabla yake. Ningeweza kumfuata Usagara nikamwomba, kwa baiskeli si mbali. Sikumfuata. Nilijua jibu lake.

Nikazivika chupa. Na hapo ndipo mkono wangu uliponiponza, maana mkono wa mwanamke wa Tanga haujui kukunja khanga jina likabaki ndani. Kila chupa ikasimama kwenye barafu na jina lake kifuani. Wema Hauozi. Kawia Ufike. Hasidi Hana Sababu. Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Akufaaye kwa Dhiki Ndiye Rafiki. Na ya mkwe wangu: Usisafirie Nyota ya Mwenzio. Meneja aliandika namba juu yake kwa chaki, lakini unyevu ukazifuta kabla wageni hawajaketi. Basi zikaitwa kwa majina yao.

Kwanza niseme kwamba mvinyo mweupe si mweupe. Una rangi ya mafuta ya kupikia. Wale Wafaransa waliuinua kwenye mwanga, wakauzungusha, wakaunusa, wakausukutua kama mtu mwenye jino bovu, kisha wakautema kwenye ndoo! Nimeona watu wakitema mwarobaini. Sikuwa nimeona watu wakitema kitu walichotoka kukisifu.

"Kawia Ufike," Mfaransa akatangaza, "harufu yake jiwe. Jiwe limelowa. Nzuri sana!"

Akaandika. Meneja akatikisa kichwa kana kwamba mawe ndiyo chakula chake. Hasidi Hana Sababu ikasifiwa kuwa laini kooni. Wema Hauozi ikaonekana chachu kidogo, lakini yenye pumzi ya bahari, na hapo mpishi akatazama dari, kwa kuwa barafu tuliichukua kwa wauza samaki.

Mkurugenzi wa shirika moja la mjini, mgeni wetu wa heshima, alikataa katakata kutema. "Sitemi cha mwenyeji," akasema, akameza. Alimeza kila alichopewa. Ilipofika chupa ya nne alikuwa anatoa maksi kumi na tano juu ya kumi, na alikuwa amemwahidi Mfaransa kiwanja.

Pembeni yake alikaa mkewe mdogo, mwanamke mzuri, mpole, na soda yake mkononi. Mke mkubwa aliishi Ngamiani, barabara ya pili kutoka kwetu, na alikuwa shoga wa mkwe wangu. Walikwenda pamoja kila penye maulidi. Hayo yote niliyajua. Lakini sikuyaweka pamoja mpaka nilipoona chupa ya sita inasogezwa mbele ya yule mke mdogo, jina likimkodolea macho.

Kwetu khanga haisomwi kama gazeti. Jina likikuelekea mbele za watu, umeshaambiwa, na shahidi hahitajiki. Usisafirie nyota ya mwenzio! Mwanamke akalisoma. Akalisoma tena. Akaweka soda chini.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Sikutumwa na mtu, bibie."

"Khanga ya nani hii?"

Ningeweza kusema yangu. Mdomo ukanitangulia. "Ya mkwe wangu."

"Mkwe wako yule Mpemba?"

"Ndiye."

"Ahaa!"

Akaikamata khanga kwa mikono miwili akaivuta. Chupa ikalala, mvinyo ukamwagika, khanga ikaufyonza wote. "Usiangalie!" Mfaransa akapiga kelele, akajifunika macho, na wenzake wawili nao wakajifunika, wasije wakaiona karatasi ya chupa mashindano yakaharibika. Meneja alishangaa sana. Baadaye alisema hakujua Wafaransa wana haya namna ile, khanga ikivuliwa hadharani hawatazami. Mkurugenzi yeye alikuwa anaichunguza glasi yake kama mtu anayetafuta inzi.

"Naipeleka kwa mwenyewe," mke mdogo akasema, akatoka na khanga yangu, yaani isiyokuwa yangu, akaingia kwenye gari.

Mvinyo kwetu si haramu ya mdomoni tu. Ni najisi, nguo iliyoingia mvinyo huiswalii mpaka ifuliwe. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu nikipiga pedali kuelekea Ngamiani, viatu vya kazi vikinitoka. Kwanza nimegusa chupa. Pili nimeichukua khanga ya mtu. Tatu nimelitia najisi vazi lake la sala. Kwa la kwanza tu kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nalia, na watu barabarani walinipisha wakidhani nimefiwa.

Gari lilikuwa mlangoni kwetu. Ndani mkwe wangu, ambaye hata buibui hakuwa amevua, ameishika khanga ncha mbili mbali na mwili wake, na mgeni anasema na kusema, pumzi zimemwisha. Nikasimama mlangoni. Mkwe wangu akamwacha amalize.

"Mie nikiwa na neno na mtu humwendea kwa miguu yangu hii," akamwambia. "Sijafikia kutuma chupa. Na mke mwenzio naye mdomo anao, wala hahitaji kuazima wa mtu. Kaa, unywe maji."

"Kwa nini basi ilinitazama mimi?"

"Kwa sababu weye ulikaa mbele yake."

Yule mwanamke akatazama chini. Nilimwonea huruma, mji mzima ulikuwa ukimsoma, akachoka akaanza kujisoma mwenyewe. Akanywa maji, akaaga vizuri, akaondoka.

Tukabaki wawili. Mkwe wangu akafungua sanduku lake, akatoa kipande cha sabuni ya kunukia alichokificha tangu enzi za foleni, akateka maji, akaanza kufua.

"Niachie mama, nifue mimi."

"Kaa."

Nikakaa. Akafua, akamwaga, akateka mengine.

"Wameinywa hino?" akauliza.

"Wengine waliitema."

Mikono ikasimama ndani ya maji. "Waliitema?"

"Kwenye ndoo, mama."

"Basi na wao wanajua," akasema, akaendelea. Akasuuza maji ya tatu. "Na iliyovaa yangu ilishika ya ngapi?"

"Mashindano hayakwisha, mama. Lakini kwenye foleni ilikuwa mkiani."

"Mkiani! Khanga yangu?" Akaikamua kwa nguvu, nami nikadhani tumepona, kwa kuwa nilimwona anajizuia kucheka. Nilikosea.

"Nilikuwa Usagara," akasema.

"Naam, mama."

"Sikuwa Mombasa."

"Naam."

"Ungekuja ukaniomba."

"Ungenipa?"

"Nisingekupa." Akaitundika kambani, akalinyoosha jina kwa kiganja. "Lakini ungekuwa umeniomba. Mwanangu kaoa, nikapashwa habari. Kakutafutia kazi, nikapashwa habari. Leo khanga yangu imekwenda hotelini, hata kuniaga haikuniaga. Nyumba hino mie ni mtu wa kupashwa habari tu."

Nilianza kucheka kwa ile khanga ya kuaga. Nikamtazama, yeye hacheki. Miaka minne nilidhani mwanamke huyu ananichunga. Kumbe alikuwa anangoja mtu mmoja amuulize kitu. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani. Kuhusu kazi hakusema neno, na hilo likanitisha zaidi.

Asubuhi nilivaa sare, nikaenda nikakaa chini, kwenye mkeka, mbele ya kiti chake. "Mama," nikasema, "naomba ruhusa niende kazini."

Akanikazia macho kuona kama ninamdhihaki. Sikuwa ninamdhihaki, angesema hapana, ningevua. Akachukua tambuu, akaipaka chokaa, akaitia popoo, akaikunja, akaiweka kinywani, akatafuna kwa raha zake zote. King'ora cha kiwanda kikalia, nikajua nimechelewa. Akaendelea kutafuna. Sikuwa nimemwona akifurahi vile.

"Nenda," akasema.