Kamba ya Mama pale bwawani

Baba yangu hajui kuogelea.

Mliofundishwa naye, kaeni chini kwanza. Mimi nimekaa kwa gari hapa Nyansiongo na bado sielewi.

Yeye na Mama wamejitolea kwa klabu yetu ya kuogelea tangu sijazaliwa. Kila Jumapili Baba anasimama bwawani, maji yamemfika kifuani, akipaza sauti, "Piga miguu! Usiogope, niko hapa!" Mama anabaki ukingoni na uji na ile kamba yake ya kuokolea.

Leo tumewafanyia sherehe ya shukrani. Nahodha wa klabu akasema Mwalimu, yaani Baba, avuke bwawa kwanza, sisi tumfuate.

Tukapiga makofi.

Baba akavua viatu. Akavivaa tena.

"Mimi sijui kuogelea."

Jameni, tulicheka! Yeye hakucheka.

"Baba, sasa sisi ulitufundishaje?"

"Watoto walikuwa wanaingia tu majini. Ilibidi mtu mzima awe pale. Hayo mengine nilisoma kwa kitabu."

Kwa kitabu!

Nahodha mwenyewe akaketi chini. Huyo alifundishwa kuelea juu ya mkono wa Baba, kama mimi.

Nikamgeukia Mama. Alikuwa anakunja kamba yake, hana wasiwasi hata kidogo.

"Mama, ulijua?"

"Kemunto, kwani ulidhani hii kamba ni ya nani?"

"Si ni ya watoto!"

"Watoto walikuwa na baba yako," akasema. "Yeye alikuwa na nani?"