Buti za Shangazi Mwanamisi

Shangazi yangu Mwanamisi analima karoti huku Lukozi, na ndiye anayewafunda wari wa ukoo wetu, mwaka wa ishirini na tano sasa. Mwali haolewi mpaka akae naye ndani siku saba, aambiwe mwili ni nini na mume ni nani. Somo la kwanza hakuna aliyelisahau: mume akirudi shamba, mvue buti, mwoshe miguu, ndipo umuulize habari za huko.

Kwa hiyo nilipomwomba acheze kwenye filamu yangu, watu walisema Nasra kachanganyikiwa. Mimi ni fundi cherehani, filamu nilipiga kwa simu. Ni ya kuchekesha: mjane, ndiye shangazi, anatafuta mchumba mtandaoni. Wa kwanza ni "mambo" asubuhi, "mambo" jioni, hana lingine. Wa pili hata jina hajamuuliza, anataka picha. Wa tatu, anayechezwa na mzee Idrisa seremala, anamwandikia: "Leo miguu haikuumi?" Mwishoni mjane anarudi shamba, tope mpaka magotini, anakaa kwenye benchi. Idrisa anapiga magoti, anamvua buti, anamwosha miguu. Basi! Hakuna busu wala kitanda.

Weee! Baba mdogo Kassimu, mdogo wake shangazi, alipata habari kabla sijamaliza kuunganisha vipande. Akaja mbio, hata kuketi hakuketi.

"Dada, kipande cha buti kitoke."

"Kimekukosea nini?"

"Mwanamume mzima apige magoti, amshike mwanamke miguu! Utawafundisha nini tena watoto wa watu?"

Halafu akasema neno linaloniudhi mpaka leo. Eti kikionyeshwa, binti yake Zuhura, anayeolewa mwezi ujao, atafundwa na mtu mwingine.

Lilimchoma shangazi. Zuhura kamlea tangu anatambaa, na kanga za kumfundia alishaziweka sandukuni. Nilimwonea huruma nikamwambia, "Shangazi, nakikata, yaishe."

Akanigeukia kama mimi ndiye Kassimu. "Ukikata naivunja hiyo simu! Miaka yote nimewafunda nusu ya neno. Marehemu mume wangu nilimvua buti miaka thelathini, na shamba tulilima wote. Mguu wangu aliuulizia nani?"

Jumapili, gulio lilipokwisha, tulitundika shuka ukumbini tukaziba madirisha kwa mablanketi. Watu walijaa. Jamaa wa "mambo" aliwavunja mbavu. Ilipofika kwenye buti, watu wakanyoosha shingo. Mama mmoja nyuma akasema, "Makubwa!" Mwingine akapiga makofi, peke yake.

Filamu ilipokwisha tulishusha mablanketi, na Kassimu akasimama. "Mmejionea wenyewe. Zuhura wangu hafundwi na huyu."

Shangazi naye akasimama. "Nitaumia, Kassimu. Nitalia kwangu. Lakini hakikatwi."

Hapo ndipo Sharifa, mke wa Kassimu, alipopita katikati ya watu. Alikuja moja kwa moja kutoka shamba, buti zimeganda tope. Huyu mama simjui kwa maneno. Ni mpole mpaka anakera. Akavuta benchi mbele ya lile shuka, akakaa, akamnyooshea mumewe mguu.

"Mgoshi, mume wangu, njoo univue hizi kwanza. Kisha tuzungumze nani atamfunda mtoto niliyemzaa mimi."

Kassimu akatazama mlango. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake kama ishirini, wote wamefundwa na shangazi, na hakuna aliyesogea kumpisha. Akasonya. Akakuna kichwa. Mwishowe akateremsha goti moja.

"Yote mawili, mdogo wangu," shangazi akasema. "Na wewe Nasra, acha kucheka, kalete maji ya vuguvugu."