Mstari wa Chaki Ghalani

Nilikuwa na hasira tangu nijifungue, na sioni sababu ya kuficha. Mtoto alikuwa na miezi saba, mume yuko shamba Rondo wiki nzima, mimi niko Rasbura na mama yake, ambaye kila nikijifunga kanga safi huniuliza naenda wapi. Saa mbili za Jumamosi alasiri ndizo pekee zilizokuwa zangu. Hizo nazo alitaka kuzifuta.

Aliyenipa zile saa mbili ni wifi yangu. Alifanya kazi miaka mingi Dar kwenye ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuvingirisha tufe zito kuangusha vigingi kumi. Aliporudi alikuja na tufe moja la matundu matatu, lililomeguka kidogo, ambalo wenyewe walitaka kulitupa. Vigingi tulitengeneza kwa chupa za maji tulizotia mchanga. Korosho zikishauzwa ghala hubaki tupu, na mtunza ghala alituachia sakafu, sisi wanawake wachache wa mtaani, mradi tuifagie.

Sijaona mtu anayefundisha kama yule mwanamke. Hapandishi sauti, na hakuna anayembishia. Viatu nje, miguu ifutwe. Mstari wa chaki haukanyagwi. Anayepanga chupa haharakishwi. Na kubwa kuliko yote: aliyesimama mstarini hasemeshwi, naye hasemeshi mtu, mpaka tufe lifike mwisho.

Siku ya kwanza mimi nililirusha. Likatua kwa kishindo, sakafu ikamenyeka.

"Unampiga nani?" wifi akaniuliza.

"Mama yako."

"Basi hayupo kule kwenye chupa." Akanirudisha mstarini. "Vidole viwili vya kati na gumba. Mkono uning'inie, uende nyuma urudi wenyewe. Hatua nne, ya mwisho iteleze. Halafu lilaze chini, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Na chupa usizitazame, tazama lile doa la mafuta hapo mbele."

Nililaza. Zikaanguka sita. Tangu nijifungue sikuwa nimefanya kitu kikanyooka namna ile.

Jumamosi ya tano niko mstarini, tufe mkononi, mtoto mgongoni kwa wifi, nikasikia kikohozi mlangoni. Mama mkwe. Kwetu mkwe akiingia unaacha ulichoshika, unamwamkia. Usipomwamkia umetangaza vita. Nami nilikuwa nimeshaanza hatua ya kwanza.

Nikacheza. Zikaanguka saba. Ndipo nikageuka, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Kumbe unanijua."

"Aliyeko mstarini hasemi, mama."

"Mstari gani? Huu wa chaki?" Akawatazama wanawake wenzangu watano waliokaa kwenye magunia matupu. "Mtu ananyonyesha, anacheza gololi za wakubwa, mimi nasimama mlangoni kama nimekuja kuomba chumvi. Jumamosi ijayo hutoki."

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa baya. Wifi akaniwahi.

"Mama, vua viatu."

"Mimi?"

"Wewe. Dar hata bosi wangu akisimama mstarini nilimnyamazia. Leo nakunyamazia wewe."

Akamwekea tufe mikononi, akarudi nyuma. Sote tukanyamaza, mvua ikasikika juu ya mabati. Nilimtazama yule mama akiwa pale katikati, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: nyumbani hakuna anayemnyamazia. Kila mtu anamwitikia huku anafanya lake, mimi wa kwanza.

Alilishika kwa mikono miwili kama chungu, akalisukuma katikati ya miguu. Likaenda polepole mno, nikadhani litalala njiani. Chupa mbili zikaanguka.

"Mbona hamsemi?"

"Tulingoja lifike, mama," nikamwambia.

Akabaki ameziangalia zile chupa mbili. Kisha akamfungua mtoto mgongoni kwa bintiye, akaketi naye kwenye gunia.

"Haya, lete hiyo shikamoo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zamu ya nani?"

"Yangu."

"Basi cheza. Mtoto ninaye."

Ruhusa ile sikupaswa kuihitaji, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini Jumamosi iliyofuata alitangulia yeye, mtoto kambeba, mimi nyuma na chupa ya uji.