Mlango Uliovimba

Jamani, mniahidi hamtacheka, maana mpaka leo nikikutana na akina mama wa kanisani kwetu hapa Dodoma natazama viatu vyangu.

Mimi mtu wa Tanga, nimezoea hewa yenye unyevu, nguo haikauki hata uibembeleze. Nikaolewa huku, kiangazi kikaingia, midomo ikapasuka, visigino vikapasuka, nikavumilia, lakini asubuhi moja nikakuta damu puani mwa mwanangu Baraka (mtoto wa kwanza huyo, nimemtafuta kwa machozi). Nikajua anakufa. Muuguzi wa kliniki akaniambia ni hewa kavu tu: "Weka beseni la maji chumbani, tundika na taulo lililolowa, basi."

Basi? Mimi huyu? Nikaona beseni halitoshi. Nikaziba madirisha kwa selotepu, nikatundika mashuka yanayochuruzika kila kona, nikaweka jiko la umeme sakafuni na sufuria ikawa inachemka kutwa, wiki nzima, vioo vinatiririka maji nami nafurahi eti sasa Tanga imenifuata. Kumbe na mlango wetu wa mbao za bei poa unakunywa maji taratibu.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Zuzu na wenzake wa kanisani kumwombea mtoto. Mimi ndiyo kwanza nimeoga, kanga moja kifuani, nikamwacha Baraka kitandani, nikatoka chumbani kuchota maji ya kuongeza, nikauvuta mlango kwa nguvu ili mvuke usitoroke. Kurudi, haufunguki. Nikasukuma kwa bega, wapi! Nikatikisa kitasa, kikabaki mkononi.

Mara nikasikia harufu ya sufuria inayoungua. Na mtoto halii. Angelia ningepata nguvu, lakini kimya kile, jamani, kilinimaliza. Nikazunguka nje dirishani, kuna nondo, na kioo ni cheupe kwa mvuke, sioni kitu. Nikapiga kelele, "Moto! Mwanangu anaungua!"

Wageni wakanikuta hapo nagonga nondo kwa kitasa, kanga imeshuka kiunoni (ndiyo, kiunoni, mbele ya mzee wa kanisa). Hata shikamoo sikumpa mama mkwe.

"Umezima umeme?" akauliza.

Wazo hilo halikuwa limenipitia kabisa. Akaingia ndani, akazima meinswichi, akachukua mchi wa kinu, pa! pa! mlango ukapasuka na mvuke ukawavaa akina mama, mmoja akapiga yowe, "Yesu wangu!" akatimka mpaka barabarani.

Baraka alikuwa amelala, ameloa jasho, na kuta nyuma yake zimeota ukungu mweusi. Mama mkwe akambeba, akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nimekuja kumwombea mjukuu, kumbe wewe unampika?"

Halafu akakaa sakafuni akalia, nami nikalia, ndipo nikajua kwamba aliogopa kama mimi.

Muuguzi naye alinisema vya kutosha: hewa kavu mno ni shida, yenye maji mno ni shida vilevile, ukiona kioo kinatiririka fungua dirisha. Siku hizi ni beseni na taulo, na jiko chumbani sirudii, hata mniue. Mume wangu amenunua mlango mpya wa mninga, umeegemea ukuta sebuleni. Fundi amekuja zaidi ya mara moja kuufunga, namrudisha. Tunalala na pazia.