Mteremko wa Igawalo

Sosthenes amebeba ulanzi kwa baiskeli miaka thelathini na moja, kutoka vijiji vya milimani mpaka vilabu vya Kihesa, na magoti yake bado yanaitika. Pombe ile ya mianzi haimngoji mtu. Ikigemwa asubuhi, jioni iwe imefika mjini. Kwa hiyo kamati ya mashindano ya baiskeli ilipotaka mzunguko mgumu, kilomita sitini na mbili za vilima vitupu, ilimtafuta yeye. Iringa ina wasomi wa kumwaga, lakini aliyejua kona ipi inatiririsha maji wakati wa masika ni huyu mzee wa madumu.

Alikaa nao siku mbili. Damari, katibu, binti mwenye adabu zake, alichora njia kwenye simu huku mzee akimwelekeza: watoke Kihesa, wapande mlima wa Igawalo, wapite Mlolwa, warudi kwa njia ya Kidilo. Akarudia mpaka wakachoka kumsikia kwamba Igawalo ni wa kupanda tu. Wabeba ulanzi wote huupanda na madumu matupu, kisha hurudi na mzigo kupitia Kidilo, njia ndefu lakini ya upole. Lami ya Igawalo inaporomoka moja kwa moja, inakata kona, na papo hapo kuna daraja jembamba la kupita gari moja.

Wiki iliyofuata aliikuta ramani imegeuzwa, miguu juu kichwa chini. Vitus, mwenyekiti, alitaka washindani waushuke Igawalo kwa kasi, na hema la mgeni rasmi likae pale chini darajani. Alisema picha zitatoka vizuri. Picha!

"Mwenyekiti, hapo mtaua watu," Sosthenes alisema. "Yotamu, mbeba ulanzi mwenzangu, alifia kwenye daraja lile. Nilimwokota mimi mwenyewe."

Vitus akatabasamu. "Mzee wangu, nakuheshimu sana. Lakini mtu wa ulanzi, madumu nyuma, wewe unadhani alikuwa mzima? Alikuwa amelewa huyo. Hawa vijana wana gia ishirini na mbili."

Wajumbe wakacheka, na maneno yakaandikwa kwenye muhtasari.

Damu ilimpanda Sosthenes kichwani. Yotamu alikuwa akiimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, na hakuwahi kuonja hata tone la alichokibeba. Wenzake walimtania kwa hilo mpaka wakazoea. Siku ile alishika Igawalo kwa sababu mvua ilikuwa imeikata njia ya Kidilo. Mjane wake, Lea, bado anaishi hapo hapo Kihesa, na leo watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka wanamwita marehemu mlevi ili wapate picha nzuri. Aibu gani hii?

"Gia ni za kupandia," alisema. "Hazisimamishi baiskeli. Wewe si una baiskeli nzuri? Kesho asubuhi kaushuke Igawalo, mimi nitakuangalia tu."

Mbele ya wajumbe wake wote, Vitus angekataaje?

Asubuhi lami ilikuwa bado na unyevu wa mvua. Vitus aliteremsha baiskeli kutoka kwenye gari, kofia ngumu kichwani, nguo zimembana, akajipiga picha, akaondoka. Alikwenda mita sitini hivi. Breki zikaanza kulia, tairi la nyuma likateleza pembeni, na mwenyekiti akashusha miguu yote miwili, akaburuza soli mpaka akasimama kwenye majani ya ukingoni. Alibaki pale akihema. Halafu akashika usukani, akaanza kuikokota baiskeli kuteremka.

Sosthenes alimfuata kwa miguu. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki ya kucheka mpaka jioni. Walipofika darajani, akamuuliza:

"Umebeba nini, mwenyekiti?"

"Sijabeba kitu, mzee. Chupa ya maji tu."

"Yotamu alikuwa na madumu manne."

Jumatatu, kikaoni, Vitus alisimama akatangaza kwamba baada ya utafiti wa kina ameonelea mzunguko urudi kama ulivyopangwa awali. Wajumbe wakapiga makofi. Utafiti wa kina, jamani! Jina la Sosthenes halikutajwa, wala la Yotamu. Damari akauliza kama kuna mwenye la ziada.

Sosthenes akanyanyuka. "Kikao kilichopita mliandika kwamba Yotamu alikuwa amelewa."

Damari akafunua kurasa za nyuma. Kweli, lilikuwepo.

"Mzee, hilo tumeshalimaliza," Vitus alisema.

"Nyinyi mmelimaliza. Mimi bado. Siku ile unaushuka Igawalo, ulikuwa umekunywa nini?"

Vitus akatazama karatasi zake, akatazama dirisha.

"Chai," akasema hatimaye.

"Andika, mwanangu," Sosthenes alimwambia Damari. "Andika kwamba mwenyekiti alikunywa chai, na baiskeli aliikokota. Halafu ufute pale kwa Yotamu."

Damari hakumtazama mwenyekiti. Alifuta.