Nilikuwa Mfanya Magendo wa Serikali

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa katika chumba kidogo pembeni mwa stesheni ya Likasi, nikapewa mwanamke mmoja mnene wa kumpekua, nikaharibu. Nilimpapasa mabega na kiuno, nikafungua kikapu chake, nikapindua samaki wakavu wa ziwa Tshangalele mmoja mmoja, kisha nikamwambia apite. Mama Mwewa, mpekuzi mkuu wa wanawake, alikuwa ameketi dirishani akishona kifungo cha blauzi yake. Hakuinua hata kichwa.

"Ngalula," alisema, "muulize ile mutoto wa ku mugongo jina yake."

Mwanamke akatoka jasho. Mimi mtoto yule sikumgusa kwa kuogopa kumwamsha! Kumbe alikuwa bunda la waya wa shaba, amevikwa kofia ya sufu na kufunikwa kitenge vizuri kabisa. Mama Mwewa aliweka sindano chini, akamfungua yule "mtoto" kwa upole kama anamvua mtoto kweli, akanitazama. "Macho itangulie, mukono ifuate," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini pia, nisiwafiche, moyo ulinidunda kwa furaha. Nilijua nimepata kazi yangu.

Nyinyi vijana mnaosoma haya hamkuiona miaka ile ya Zaire. Tulikatazwa kuitana bwana na bibi. Mkubwa wako aliitwa Sitwaye, mwananchi, na mimi nikawa Sitwayeni Ngalula. Wakubwa walivaa abakosti, makoti ya kutovalia tai, zilizofungwa mpaka shingoni hata jua likiwa linachoma. Mji wote uliishi kwa kampuni ya madini ya serikali. Baba yangu, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, alizeeka mbele ya tanuru zake, na mimi nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi. Kila kilichotoka katika tanuru zile, shaba au kobalti, kilikuwa na mtu aliyekitamani upande wa pili wa mpaka. Kazi ya forodha, duani kama tulivyoiita, ilikuwa kukizuia kisiende bila ruhusa.

Kutoka stesheni nilipelekwa kwenye mabehewa ya mizigo, kukagua plombe, yaani zile lakiri za risasi zinazofunga mlango wa behewa. Plombe iliyochezewa huijui kwa kuitazama tu; unapitisha kucha kwenye mshono wake, na kucha ndiyo inayokuambia. Kisha nikapelekwa kwenye barabara za ziwani, ambako nilinuka samaki mpaka mume wangu akaniomba nilale na dirisha wazi. Na baada ya hapo, ndugu zangu, ndipo raha ilipoanza.

Alikuja Mkaguzi Mkuu mpya, mtu mwembamba mwenye sauti ya mwalimu. Aliniita ofisini.

"Sitwayeni Ngalula, mwezi uliopita tulikamata bintu mingi. Mupaka inafungwa muzuri ao mubaya?"

"Muzuri, Shefu."

"Unajua namna gani? Ile ilipita, uliiona?"

Alikuwa amenishika pabaya. Kila mtu katika kazi yetu alijisifu kwa alichokamata, lakini ukikamata sana huenda umefumbua macho, au huenda magendo yamefurika tu na wewe umeokota yaliyokuangukia miguuni. Usipokamata kitu, huenda umelala, au huenda hakuna anayethubutu kupita kwako. Alichokamata mlinzi ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili iko mifukoni mwa waliopita. Mama anayechekecha unga anajua chekeche lake limetoboka kwa sababu anajua alichomimina. Sisi tulikuwa hatujui kilichomiminwa.

"Basi tutamimina sisi wenyewe," alisema Mkaguzi Mkuu, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeona nyama.

Ndivyo nilivyokuwa mfanya magendo wa serikali! Kazi yetu iliitwa kipimo. Tulichukua mzigo wa jaribio, kobalti halisi iliyotiwa alama ya siri, tukajaribu kuuvusha katika kituo ambacho hakikujulishwa. Ukikamatwa, kituo kimeshinda. Ukipita, kituo kinavuja. Tena tulitenganisha aina za kukamata. Kuna kukamata kwa mchongeo, mtu anapokuja kukunong'oneza kuwa fulani amebeba kitu. Hiyo haikuhesabiwa, maana inampima mchongezi. Sisi tulitaka kukamata kwa macho tu. Na sheria ilikuwa moja: mpimaji hambebi mlinzi, wala hamwonei huruma. Anajaribu kwa nguvu zake zote, kama mwizi mwenye njaa.

Shuleni, kule misheni ya Mulungwishi, nilikuwa napewa sehemu kubwa katika kila mchezo wa kuigiza. Sasa nikapata jukwaa! Nilipita nikiwa mjamzito wa kobalti. Nilipita nikiwa mgonjwa wa kuhara, na hakuna mlinzi aliyetaka kunisogelea. Siku moja nilivaa kitenge chenye nembo ya Chama, nikafika kituoni nikiimba nyimbo za mkutano wa hadhara kwa sauti ya juu, na askari wawili waliogopa wasionekane wavivu wa kuimba. Waliimba nami, wakapiga makofi, kisha wakanibebea kikapu mpaka ng'ambo. Kobalti ya serikali ilivushwa na askari wa serikali huku wakimsifu mkuu wa serikali. Mkaguzi Mkuu aliposikia alicheka mpaka akafungua vifungo vya abakosti.

Hatari ilikuwapo, msidhani. Mpimaji hakubeba karatasi yoyote ya kumtetea, na askari aliyekukuta na kobalti alipiga kofi kabla ya kuuliza. Nilipigwa mara kadhaa. Nilipona, nikarudi tena, kwa sababu nilikuwa naipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Halafu ikaja siku ya kituo cha Mama Mwewa.

Alikuwa amehamishiwa kituo kidogo mpakani, ambacho jina lake naliacha. Kiangazi kizima kituo kile hakikukamata kitu. Mkurugenzi wa Mkoa, mtu wa kupiga meza, alisema kimelala, kifungwe, na wafanyakazi wake warudishwe makwao. Mkaguzi Mkuu akamsihi: kipimwe kwanza. Mkurugenzi akakubali kwa sharti lake. Mzigo ukipita, kituo kinafungwa, na Mama Mwewa hana kazi. Alikuwa mjane, na watoto wa marehemu dada yake, waliobaki Likasi, mtaa wa Kikula, walikula kwa mshahara ule.

Nilienda kumwomba Mkaguzi Mkuu amtume mwingine.

"Unamupenda ile mama?" akaniuliza.

"Sana, Shefu. Njo alinifundisha kazi."

"Basi uende umupime na nguvu yako yote. Ukimusaidia, Mkurugenzi atajua, na hakuna muntu ataamini kipimo tena. Ile siku atafunga kituo yake na roho safi."

Nilitoka nje nikiwa na hasira naye, kwa sababu alikuwa na haki. Na kilichonitesa zaidi ni kwamba nilijua pa kumpigia Mama Mwewa. Katika miaka yote ya stesheni nilimwona akipekua wake za wakubwa, masista, hata shangazi yake mwenyewe. Aina moja tu ya watu hakuigusa kamwe: wafiwa. "Muntu wa kilio, siweki mukono juu yake," alikuwa anasema. "Kifo imeisha kumupekua." Hapo ndipo palipokuwa na tundu, na hakuna mpimaji mwingine duniani aliyelijua. Nililala vibaya, lakini asubuhi nilianza kutafuta kitenge cheusi.

Tulikuwa wanawake watatu, wote watoto wa kambi wenye asili ya Kasai. Mkaguzi Mkuu alituchagua hivyo kwa makusudi ili tusikutane na ndugu upande ule. Mama mmoja wa sokoni alitueleza koo za huko, tukajichagulia ukoo wa Mbuzi, Bena Mbushi. Tulipakia kwenye kilori sufuria za matanga, kuku, na mifuko ya unga wa mahindi. Kobalti ikalala katikati ya unga. Nilijipaka majivu usoni na kujifunika kitenge hadi kwenye nyusi. Tulipokaribia kituo, jua likiwa juu, tukaanza kulia. Jamani, tulilia! Hata dereva, aliyejua kila kitu, alifuta macho.

"Kilio?" aliuliza mlinzi wa kizuizi.

"Kilio, baba. Kaka yetu, ng'ambo."

Akainua mti wa kizuizi palepale. Mama Mwewa akatoka kibandani. Alituona, akavua kofia yake ya kazi, akainamisha kichwa. Hakutazama hata mifuko.

Tumepita, nilijiambia, nimemwangamiza mama huyu. Nilitaka kupiga kelele, Mama, angalia unga! Badala yake nililia kwa nguvu zaidi, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na sasa machozi yalikuwa yanatoka bila kuitwa.

"Poleni, bamama," alisema. "Marehemu alikuwa wa ukoo gani?"

"Bena Mbushi," akajibu mwenzangu.

Uso wa Mama Mwewa ukabadilika, ukawaka! "Mbuzi?" alipaza sauti. "Mbuzi amekufa, na hamukuniita? Minye ni Chui!" Na mama yule mzima akaparamia kilori, akajitupa chali juu ya mifuko yetu ya unga, akarusha miguu hewani. "Chui iko na njaa! Na ile mbuzi yenu alikuwa muchoyo, alikuwa anaiba chumvi ya bajirani! Munipe kuku, la sivyo hamumuziki!" Tayari alikuwa amemshika jogoo wetu shingoni.

Nilishikwa na ghadhabu, ya kuigiza na ya kweli pamoja. Nikasimama, nikamnyooshea kidole, nikatoa maneno bora kuliko yote niliyowahi kutoa jukwaani: "Mama, hauna haya? Muntu amekufa, weye unacheka? Nitakushitaki ku shefu yako!" Wenzangu wakaniunga mkono kwa vilio vya uchungu.

Mlinzi wa kizuizi, aliyekuwa anacheka, akaacha kucheka. Akauteremsha mti polepole.

Lazima niwaeleze, maana na mimi nilielezwa baadaye. Watu wa upande ule wana utani wa koo, wanauita bunungwe. Chui humla mbuzi. Kwa hiyo mtu wa ukoo wa Chui ana haki ya kuwatukana watu wa ukoo wa Mbuzi, hata kwenye msiba, na hasa kwenye msiba. Wafiwa hawakasiriki. Humrudishia matusi, humpa kitu kidogo aondoke, na katikati ya machozi hucheka kidogo, na hapo ndipo wanapoanza kupona. Hata mama aliyefiwa na mwanawe hucheka. Anayekasirika ni mgeni tu. Mimi nilikasirika vizuri kuliko wageni wote!

Mama Mwewa aliketi juu ya mifuko, unga mashavuni. Hakuwa anapiga kelele tena.

"Mbuzi asiyemujua chui hakuzaliwa huku," alisema. "Shusheni mifuko."

Sisi hakutugusa hata kwa kidole. Mifuko ndiyo iliyofunguliwa, na kobalti ikamwagika juani mbele ya kituo kizima. Kisha akanigeukia. "Na weye, mwenye kunishitaki. Toa ile kitenge."

Nikakitoa. Aliinama kunitazama usoni.

"Ngalula?"

"Njo minye, Mama."

"Banakutuma?"

"Banituma. Kama ningepita, bangefunga kituo, bangekufukuza kazi." Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sikuweza kujizuia.

"Na weye ukachagua kilio. Juu ulijua siwagusake."

"Ndiyo, Mama."

"Hukunionea huruma? Hata kiloko?"

Nilingoja kofi. "Apana, Mama. Hata kiloko."

Aliushika uso wangu kwa mikono yake yote miwili yenye unga. "Asanti, mwanangu," alisema. "Ungekuja na kitu ya kitoto, nikamate, nibaki na kazi ya huruma? Ile ningekataa."

Mkaguzi Mkuu, aliyekuwa ametufuata kwa mbali, alifika na gari lake, akaona kobalti chini, akacheza rumba peke yake kando ya barabara, akiwa na abakosti yake mwilini. Mlinzi wa kizuizi akatuambia lililobaki: mwanzoni mwa kiangazi walikuja wafiwa wa uongo, wenye magendo wa kweli, wakatoa macho Chui alipowatania, wakageuza gari kabla hajaifikia mifuko yao. Tangu hapo wenye magendo walikuwa wanaambiana wasipite pale. Kituo hakikukamata kitu kwa sababu kilikuwa kimeufunga mpaka. Mkurugenzi alipiga meza kwa mazoea, kisha akasema, "Basi, ibaki."

Niliendelea na kipimo mpaka nilipostaafu. Watu huniuliza mpaka ulikuwa umefungwa kiasi gani enzi zetu, na mimi huwajibu kuwa ulivuja, sana, na vituo vingi nilivipita nikiimba. Lakini nasema hivyo kwa sababu nilijaribu kweli. Usimwamini mtu anayesema mlango umefungwa kama hajawahi kuusukuma kwa bega. Na ukitumwa kuusukuma mlango wa mtu unayempenda, usisukume kwa kidole. Jambo hilo lilinigharimu usiku mmoja wa usingizi, na lilinipa rafiki kwa maisha yangu yote.

Nilipostaafu, Mama Mwewa alikuwa amesharudi Kikula na kuwa bibi wa kutembea na fimbo. Tulikutana sokoni karibu kila wiki, na akiwa na mgeni hakuacha kunishika mkono na kunionyesha kwake.

"Munamuona huyu?" alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha binti yake aliyefaulu. "Huyu njo alitaka banifukuze kazi. Alitaka na roho yake yote!"

"Nilitaka kabisa, Mama," nilimjibu, na mgeni hakujua acheke au akimbie.