Jicho Langu na Betri ya Mwanyumba

Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alinunua pikipiki ya magurudumu matatu, na tangu siku hiyo chakula hakikunipita kooni vizuri. Ilitoka kisiwa cha Nosy Be, kwenye kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, ilikochoka kubeba vipuri. Ikashushwa bandarini Mahajanga, ikapakwa rangi ya kijani, ikaingia mtaani kwetu Mahabibo kama sultani anayerudi kutoka kuhiji. Nyuma ilikuwa na sanduku la kubebea mikate. Mbele ilikuwa na taa kubwa kama sinia ya pilau, na honi iliyoweza kumwamsha maiti, akauliza kuna nini, akalala tena.

Mimi nilikuwa na baiskeli. Nilikuwa pia na cheti cha shule ya jioni, ambako Mfaransa mmoja mwenye mafua ya kudumu alitufundisha umeme kwa kuuchora ubaoni, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Lakini cheti hakipigi honi. Mke wangu akiisikia ile ya shemeji yake inakuja, anaacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbilia mlangoni.

"Njoo uone, baba, inavyong'aa."

Naja, naona, narudi kula mchuzi ulioungua.

Nilikuwa na wivu, na sikuuficha. Wivu wangu ungeuzwa kwa kilo pale sokoni, ungejaza meli mbili na wa kubaki ungepatikana. Kila jioni nilisimama kuitazama ile pikipiki kama paka anavyotazama samaki wa jirani, na mtaa mzima ukaniona nikitazama. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kwetu jicho la mwenye husuda halitazami bure. Linapasua mtungi, linakausha ziwa la mama, linaangusha mnazi.

Na betri ya mwanyumba ikaanza kufa.

Mwenye kujua umeme hata wa ubaoni angejua kwa nini. Mwanyumba alipiga honi kwenye kila mlango, hata milango ya wasiokula mikate. Safari zake zilikuwa fupi, kutoka kwenye tanuri hadi dukani, kutoka dukani hadi msikitini, na dinamo haikupata nafasi ya kurudisha kilicholiwa na honi. Jioni alizima injini akakaa barazani kuzungumza, lakini taa aliiacha inawaka ili watu waendelee kuiona pikipiki. Vifuniko vya betri hakuvifungua hata siku moja kutazama kama maji yameyafunika yale mabamba ya madini ya risasi ndani. Vichwa vya betri, pale zinapofungwa waya, vilipoota ukungu wa kijani, alisema unafanana na rangi ya pikipiki.

Nilimwambia, "Mwanyumba, betri ni kama pipa la maji. Ukichota bila kujaza, utakwangua chini. Zima taa, nenda mwendo mrefu mara mojamoja, safisha vile vichwa kwa maji ya moto, uvipake vaselini."

Akacheka. "Mwanyumba, wewe piga pedali zako. Mambo ya mashine tuachie wenye mashine."

Mama mkwe wetu alikuwa na maelezo mengine. Tulizungumza naye Kikomoro, kama nyumba nyingi za mtaani. Kimalagasi kilikuwa cha sokoni, Kifaransa cha ofisini, na hiki Kiswahili nilikirithi kwa bibi yangu aliyekipata kwa wafanyabiashara wa zamani. Lakini neno *hasadi* halikuhitaji tafsiri popote. Alilitamka akitazama paji la uso wangu.

Akaandikisha kombe. Aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, kama anavyofanyiwa mgonjwa anywe. Kombe ni dawa, nami nimelinywa nikapona homa. Ila mgonjwa huyu hakuwa na kinywa. Mama mkwe akauliza atanywea wapi, mwanyumba akaona vile vifuniko vya betri, kwa mara ya kwanza akavifungua. Wakamnywesha mgonjwa sahani nzima.

Pikipiki ikanukia arusi siku nzima, na haikuwaka tena kabisa. Mwanyumba aliipiga teke hadi kiatu kikafungua mdomo. Vijana wakaisukuma, akaachia klachi, ikakohoa kidogo ikanyamaza. Ikabidi ivutwe nyumbani na mvuta puspus, yule wa riksho ya mkono, naye akaimba njia nzima kuwa leo amempakia tajiri. Nilicheka sana. Kucheka huko kuliniponza.

Jioni ile ile mama mkwe alituma neno. Binti yake mdogo alikuwa anaolewa Dzamandzar, na sote tulikuwa tunajiandaa kupanda meli. Sasa mke wangu atakwenda, watoto watakwenda, mimi nitabaki. Jicho lililoshinda kombe halitaletwa mbele ya bibi arusi.

Mke wangu hakugombana. Alilia akikunja nguo, akaiacha kanzu yangu msumarini. Ile kanzu iliniuma kuliko pikipiki kumi.

Asubuhi nikaenda kwa mama mkwe. Nikamkuta na mwanyumba, wanaitazama ile mashine kama jeneza.

"Mama, nipe ruhusa niitengeneze. Ikiwaka, jicho langu lina kosa gani?"

"Usiiguse," akasema mwanyumba. "Mkono wako na jicho lako wamenyonya ziwa moja."

"Basi subiri puspus ikupelekee mikate, nayo ikuimbie."

Mama mkwe akafikiri, akatafuna tambuu yake, akatoa hukumu. "Itengeneze, mwanangu. Lakini usiitazame."

Nadhani katika makoloni yote ya Mfaransa hapajatokea fundi aliyefanya kazi kwa sharti kama hilo. Nikageuza uso ukutani, mikono nyuma kama mahabusu, nikafungua waya kwa kupapasa. Mwanyumba alinielekeza. "Kushoto. Kushoto kwako. Hiyo ni pua yangu." Tukaimwaga betri, ukatoka uji wa zafarani. Tukaisuuza kwa maji ya mvuke yanayouzwa duka la dawa, maana ya kisima yana chumvi. Tindikali tuliipata kwa fundi wa gereji ya bandarini. Wakati wa kuimimina nilimwomba mama mkwe anihurumie, akaniruhusu jicho moja. Hata hivyo tone likaniangukia, likala suruali yangu tundu mahali ambapo heshima hairuhusu kupataja.

Fundi wa gereji akaichaji taratibu hadi kesho yake, akasema haitakuwa mpya lakini itaishi. Nikaifunga tena uso ukutani, nikavipaka vichwa vaselini. Mwanyumba akapiga teke. Ikanguruma, kuku wa mtaa wakahama.

Mama mkwe aliizunguka, akaigusa taa. "Kombe limefanya kazi," akasema. "Lilichelewa tu." Kisha akanigeukia. "Mwambie mkeo akutilie kanzu sandukuni."

Sikubishana. Mtu anayetaka kupanda meli habishani na mwenye tiketi.

Mwanyumba hakusafiri. Pikipiki ilipopona, tanuri likampa mikate ya kambi ya askari, kazi ya wiki nzima, naye kwa mara ya kwanza akaenda mwendo mrefu na kuzima taa. Kwa hiyo Dzamandzar nilikuwa mkwe wa pekee. Nilioshwa mikono kwanza, nikakalishwa karibu na wazee wa bwana arusi, nikapewa paja la mbuzi. Nilidhani nimefika.

"Ndiye wewe mwenye pikipiki ya miguu mitatu?" akauliza mzee mmoja.

"Hapana, ni mwanyumba wangu."

"Aa. Hakuja?"

"Hakuja."

"Tulitaka sana kumwona." Akanipa mgongo taratibu, akaanza kuwaeleza wenzake jinsi ile mashine ilivyokuwa ikipita hapa kiwandani, na wote wakainama kumsikiliza. Ndani, nyuma ya pazia, nilimsikia mama mkwe akiwasimulia wanawake habari za mkwewe mwenye mashine, na sauti ya mke wangu ikiongezea: "Na honi yake je, mama? Waambie honi."

Nikalishika paja la mbuzi. Lilikuwa tamu, wallahi, na halikushuka.